Jinsi ya Kupewa Pwani kwa Karatasi

Ikiwa umeshuka Mombasa kwa meli, kwa ndege au kwa treni ya SGR, na mkobani mna karatasi unayotaka watu waitie sahihi, karibu sana. Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa Makadara, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ngomeni, kwenye baraza ambayo kahawa tungu haikauki na kila mtu ana babu aliyeshuhudia jambo. Wakaao hapa hawakusomea sheria za kimataifa, lakini uzoefu wanao. Tangu 1824 hadi 1963 pwani hii imelindwa, imegawanywa, imekodishwa, imekombolewa na kukabidhiwa, kila mara kwa maandishi mazuri yenye mihuri. Mwenye muhuri alikuja kutuuliza rai yetu mara moja tu, mwaka 1961, na hiyo tutaifikia. Nyakati nyingine zote tuliitazama biashara tukiwa ndani ya mzigo, na nani ajuaye bei ya mzigo kuliko mzigo wenyewe?

Anza na bendera. Wageni wengi hudhani bendera huja mwisho, baada ya wino kukauka. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipoingia bandarini na manowari yake Leven mwezi Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza inapepea tayari juu ya Ngome. Haikutoka Uingereza. Wamazrui waliokuwa wakiitawala Mombasa walikuwa wameishona wenyewe, maana nje kulikuwa na meli za Seyyid Said wa Muscat zimewazingira, na Desemba iliyotangulia nahodha mwingine wa Kiingereza, Vidal, alikuwa amewakatalia walipomwomba ulinzi. Basi wakaamua kujilinda kwa kitambaa na uzi. Ushauri: ukikuta bendera yako imetundikwa na watu usiowajua, usiulize fundi ni nani. Panda juu, salimiana na wazee, toa kalamu.

Karatasi ya Owen inafaa isomwe polepole, kwa sababu huku kwetu ndiyo iliyokaribia kuwa ya haki. Utawala wa Mombasa ubaki kwa ukoo wa Mazrui. Warudishiwe milki zao za zamani, yaani Pemba kwanza, iliyokuwa imewaponyoka. Mwingereza mmoja akae mjini kama wakili. Ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Waingereza waruhusiwe kufanya biashara bara. Biashara ya watumwa ikome. Yeyote atakayekuambia kwamba wazee wetu walikuwa wajinga waliodanganywa kwa shanga, mwonyeshe orodha hiyo. Wamazrui walijua wanachotaka na walijua nani anaweza kuwatishia adui zao. Walichokosea ni kuamini kwamba Kapteni ni sawa na Serikali.

Hapo pana somo kwako. Tia sahihi kwanza, halafu omba ruhusa kwenu, tena kwa barua inayokwenda kwa tanga. Owen alitia sahihi, akamwacha luteni kijana, John Reitz, kuwa mkuu wa mji, akatweka. Reitz alikufa kwa homa kabla ya mwaka kwisha. Jina lake ndilo unalolisikia ukipita Port Reitz kuelekea uwanja wa ndege. Akafuata George Phillips, mwanafunzi wa ubaharia ambaye ndevu zilikuwa bado zinamsita, kisha Luteni James Emery. Huku wakigombana na wenyeji juu ya ile nusu ya ushuru, London na Bombay walikuwa wakijiuliza kwa nini waudhike na Seyyid Said, rafiki yao wa siku nyingi, kwa ajili ya kisiwa kimoja. Mwaka 1826 bendera ikashushwa. Emery akaondoka. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa na kusafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi.

Ngome ikajazwa askari wake, Wabulushi miongoni mwao. Ukitaka kujua walikwenda wapi baada ya zamu, uliza Makadara. Msikiti wao upo, vitukuu vyao vipo, na kimojawapo kimekaa hapa ubavuni pangu kikinisahihisha ninavyoandika.

Sasa tafuta wa kutia sahihi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kumtafuta mwenye mali. Mwenye mali ana maswali. Ana wazee wa ukoo, ana mashemeji, ana mke ambaye shamba ni la kwao. Tafuta mtu wa pembeni. Akikosekana, tafuta mtu wa mbali. Na ukiweza, maliza kazi bila kumtafuta mtu kabisa.

Mjerumani Carl Peters alichukua njia ya kwanza. Mwishoni mwa 1884 alivuka kutoka Unguja hadi Saadani na wenzake wawili watatu, akapanda bara, na baada ya wiki chache akarudi pwani na mikataba 12 ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mmojawapo, wa tarehe 29 Novemba, una alama ya Mangungo wa Msowero. Kwa mujibu wa karatasi hiyo ya Kijerumani, Mangungo alitoa nchi yake yote kwa jumuiya ya Wajerumani, kwa nyakati zote. Karatasi za Peters zilikuwa makini pia kuandika kwamba watawala hao hawakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, maana bila hilo Sultani angekuja na maswali yake. Februari 1885 Kaiser akatoa barua ya ulinzi, na kitu kilichoanza kama matembezi ya vijana kikawa dola.

Watanzania wamemfanya Mangungo kipimo. Mkataba wa madini ukiwa mbovu, ni wa Mangungo. Mwaka 2023, Bunge lao lilipoidhinisha makubaliano ya bandari na Dubai, marehemu hakupata usingizi kwa miezi. Mimi naona anaonewa. Katika dunia yake, mgeni akija na bunduki na vinywaji na kutaka urafiki, unampa urafiki, na urafiki ndio alioutoa. Kilichoandikwa kwa Kijerumani kilikuwa jambo jingine, na hakuna mahali popote alipoweza kwenda kulalamika. Hata Mwingereza Frederick Lugard, aliyetembea na fomu za Kampuni ya Kiingereza tutakayoifikia mbele, zilizokwisha chapwa zikabakishwa nafasi ya jina tu, aliandika katika shajara yake kwamba hakuna mtu angezitia sahihi fomu hizo kama angezielewa. Mtu mkweli. Mwongozo huu unapendekeza fomu.

Onyo dogo kuhusu mtu wa pembeni. Wamarekani, ambao kwa fani hii ni mabingwa, walipata ajali nayo. Mwaka 1790 serikali ya George Washington iliwaita wakuu wa taifa la wenyeji la Creek hadi New York, wakapokewa kwa shangwe, na tarehe 7 Agosti mkataba ukasainiwa. Wazi wazi ulisema habari za mipaka na ardhi. Kwa siri ulimpa mkuu wao, Alexander McGillivray, cheo cha brigedia jenerali na dola 1,200 kwa mwaka. Hadi hapo safi kabisa. Lakini mwaka 1825, pale Indian Springs, mkuu mwingine, William McIntosh, akiwa na wachache wa upande wake, alitia sahihi kuitoa ardhi ya Creek iliyobaki Georgia. Baraza la Creek lilikuwa limekwisha pitisha sheria kwamba auzaye ardhi bila idhini yake atauawa. Baraza likatekeleza sheria yake; Aprili mwaka huo McIntosh akauawa nyumbani kwake. Washington ikaufuta mkataba, ikaandika mwingine mwaka 1826, na ardhi ikaenda vilevile. Kwa hiyo mgeni usiogope sana. Hatari ni ya mtia sahihi; mpokeaji hulala salama.

Njia ya pili na ya tatu tulifanyiwa sisi. Mwaka 1885 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume ya kupima milki ya Sultani Barghash wa Zanzibar barani. Mjumbe wa Uingereza alikuwa afisa kijana aitwaye Kitchener, yule aliyekuja kuwa maarufu kwa masharubu yake kwenye mabango ya vita. Mwenye milki hakupewa kiti. Novemba 1886 London na Berlin zikakubaliana: Sultani abaki na ukanda wa maili 10 kutoka baharini, kuanzia Mto Minengani kule kusini hadi Kipini, na miji kadhaa ya Wasomali kaskazini. Bara, lote, wakagawana. Desemba Barghash akaletewa makubaliano hayo ayakubali, naye akayakubali, kwa sababu manowari za Kijerumani alikuwa amekwisha ziona mbele ya jumba lake mwaka uliotangulia. Maili 10 ni kipimo kizuri, kariri. Ni kirefu cha kutosha kumzuia mwenyewe asiseme amenyang'anywa kila kitu, na kifupi cha kutosha kukuachia wewe mito, malisho, milima na watu.

Zawadi: peleka. Hapo hapana la kueleza.

Malipo ndiyo sehemu inayohitaji ufundi, na mwongozo unaomba ukae vizuri. Mgeni mjinga hulipa kwa pesa zake. Mgeni wa kawaida hukopa. Mgeni aliyehitimu hukodi nyumba kwa pesa za mwenye nyumba.

Tarehe 24 Mei 1887 Barghash aliikabidhi jumuiya ya William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, usimamizi wa pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Mwaka uliofuata jumuiya ikapata hati ya kifalme ikawa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, na hapa mjini ikaitwa Kampuni, basi. Wajerumani nao walikuwa wamekodi upande wa kusini. Mwaka 1890 wakaamua kuununua moja kwa moja kutoka kwa Sultani Ali bin Said, kwa takribani pauni 200,000. Pesa hizo Waingereza, ambao sasa walikuwa walinzi wa Sultani, hawakumkabidhi mkononi. Wakamwekea, kwa riba ya asilimia 3, mtu asije akazitumia vibaya.

Kufikia 1895 Kampuni ilikuwa imefilisika. Uganda imeila, misafara imeila, na miaka 50 ilikuwa haijafika hata 10. Serikali ya Uingereza ikakubali kuinunua kwa pauni 250,000. Hazina ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 nyingine zilitoka wapi? Zilitoka katika akiba ya Sultani, zile za Wajerumani. Kwa maneno mengine, Sultani aliilipa Kampuni ili irudishe pwani yake mwenyewe. Pwani iliporudi haikufika kwake. Ilipita juu ya kichwa chake ikatua kwa Waingereza. Tarehe 14 Desemba 1895 Arthur Hardinge kwa niaba ya Uingereza, na Sultani Hamed bin Thuwaini, wakatia sahihi: Uingereza itatawala ukanda wa pwani, Sultani atabaki mwenye nchi, na atalipwa pauni 17,000 kila mwaka. Kati ya hizo, 11,000 ni kodi. Zile 6,000 ni asilimia 3 ya 200,000, riba ya pesa zake ambazo hazipo tena. Na ili mazungumzo yasiwe magumu, waziri mkuu wa serikali ya Sultani wakati huo alikuwa Lloyd Mathews, Mwingereza pia.

Hesabu hii niliwahi kumweleza mzee mmoja hapa barazani, karani mstaafu wa bandarini.

“Shikamoo, mzee. Nikwambie kodi ya pwani ilivyokuwa ikilipwa?”

“Marahaba, mwanangu. Nambie.”

Nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

“Hizo elfu sita, akipewa nani?”

“Sultani.”

“Na zile laki mbili zilikuwa za nani?”

“Za Sultani.”

“Alaa! Basi akijilipa mwenyewe.”

“Riba tu, mzee. Mtaji haukurudi.”

“Na huyo Sultani, si Mwislamu?”

“Mwislamu, mzee.”

“Astaghfirullahi!” Akachukua kikombe chake, akakitazama, akakirudisha chini. “Mtu mmnyang'anye mali yake, hayo ni ya dunia. Na dhambi ya riba pia mmbebeshe yeye?”

Jaribu hesabu hiyo kwa mwenye nyumba wako Makadara, mwisho wa mwezi, uone kama utalala ndani.

Ukishapata nchi, mwachie mwenyewe bendera. Hili wageni wabahili hulikosa, na ndilo la bei ndogo kuliko yote. Chini ya mkataba wa 1895 bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Ngomeni hadi 1963. Ungeiona kutoka mashua za wavuvi, kutoka Kilindini, kutoka dirisha lolote la Mji wa Kale. Chini ya bendera hiyo, ndani ya kuta zile zile, kuanzia 1895 hadi 1958, palikuwa jela ya serikali ya Kiingereza. Mwenye nchi alipewa juu ya mlingoti, mpangaji akachukua vyumba vya chini na funguo zake. Walikuwepo pia liwali, mudiri na kadhi, wenye majoho na vilemba, na mtu aliyetaka kuamini kwamba hakuna kilichobadilika alikuwa na vingi vya kumsaidia. Wasiotaka kuamini walikuwepo: Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Wamazrui wenzake walipigana tangu 1895 hadi walipovuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani mwaka 1896. Mwongozo huu hauna hatua maalumu kwa watu wa aina hiyo. Waingereza waliagiza askari kutoka India.

Neno “milele” ni bure, litumie kwa wingi. Agosti 1904 Kamishna Donald Stewart alikubaliana na Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao, waondoke Bonde la Ufa wawapishe walowezi, nao wapewe Laikipia kaskazini na eneo jingine kusini, maadamu kabila la Maasai lipo duniani. Mwaka 1911 wakaletewa mkataba mwingine wa kuhama Laikipia. Mtu angeweza kuuliza, na wengine waliuliza, maana Wamaasai walikuwa bado wapo.

Walioshtaki walikuja Mombasa. Kesi ya Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu ilisikilizwa hapa hapa mwaka 1913, na hukumu yake ningependa ibandikwe juu ya kila meza ya mazungumzo. Mahakama ilisema Wamaasai si raia wa Uingereza, kwa kuwa wanaishi katika nchi iliyo chini ya ulinzi na siyo koloni. Mikataba yao na Mfalme ni mambo ya dola na dola, na mambo ya dola na dola hakimu hana mkono ndani yake. Yaani mna dola ya kutosha kuitoa nchi, lakini hamna dola ya kutosha kuidai. Rufaa ikashindwa mwaka huo huo. Ng'ombe walikuwa wamekwisha hama, na waliokufa njiani wamekwisha kufa. Na majaji waliyasema hayo katika mji ambao nao, kwa karatasi, ulikuwa nchi ya mtu mwingine.

Usisahau ardhi. Mkataba hukupa mamlaka. Udongo wenyewe unahitaji daftari. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye dai aje na dai lake mbele ya afisa, aonyeshe maandishi au mashahidi, apewe hati. Isiyodaiwa ni ya Mfalme. Mwenye waraka wa Kiarabu ulioandikwa na kadhi, mwenye mjomba karani, mwenye nauli ya kuja mjini kila kesi inapoahirishwa, huyo alipata. Wagiriama na Waduruma, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na makaya, na watumwa waliokuwa wameachwa huru juzi wakilima mashamba ya waliokuwa mabwana zao, hao wakaamka maskwota walipozaliwa. Hapa baraza hunyamaza kidogo, kwa sababu wengine wetu mababu zao ni wenye hati na wengine mababu zao ni wenye kukosa, na kahawa tunakunywa pamoja. Ukimwona mtu wa Mombasa anamiliki nyumba ya matofali na bado kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mtu mwingine aliye na hati ya udongo ulio chini ya nyumba hiyo, basi umeiona 1908 ikitembea kwa miguu.

Kwa haki, tuseme pia kwamba katika mikataba hii yote hakuna upande wa malaika. Mazrui alikuwa na watumwa, Busaidi wa ukoo wa Sultani alikuwa na watumwa, na Kampuni ilikuja kuwakomboa kwa mkono mmoja huku ikipima mashamba kwa mwingine. Waliokosa kiti tangu karatasi ya Owen ndio hao hao waliokosa kiti 1908.

Mwisho utataka kuondoka. Ukiondoka, usirudishe nyumba kwa aliyekupangisha; mpe jirani. Kufikia 1961 ilikuwa wazi kwamba Kenya itapata uhuru na kwamba ukanda wa maili 10 una utata. Waarabu na Waswahili wengi wa harakati za Mwambao walitaka uhuru wao peke yao, au Sultani. Wamijikenda wengi, wakiwa na kiongozi wao Ronald Ngala, walikuwa wamechoka kusikia jina la Sultani, na kwao majimbo yalitosha. Hapo ndipo tulipoulizwa. Sir James Robertson, mjumbe wa wenye mihuri, alikuja mwaka huo, akakaa, akasikiliza vyama na wazee, kila mmoja na karatasi yake chini ya kwapa, akaenda kuandika kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Waliokuwa wakipiga kelele uwanjani walirudi nyumbani kwa miguu.

Oktoba 1963 kazi ikamalizikia London. Kwa barua za tarehe 5, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, alimwahidi Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, mambo matano: watu waabudu wapendavyo, mahakama za kadhi zibaki kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, maeneo ya Waislamu yapewe watawala Waislamu kadiri itakavyowezekana, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na hati za ardhi ziheshimiwe. Soma tena mgeni, jifunze. “Kadiri itakavyowezekana” ni nguo isiyobana. Ya kadhi yalidumu, hadi leo yamo katika Katiba ya 2010, ibara ya 170. La hati lilidumu pia, vizuri sana, kama maskwota watakavyokuthibitishia. Mengine mawili yalikuwa na nguo hiyo isiyobana, yakaivua.

Mwandikiwa wa barua hizo hakupata nafasi ya kufuatilia. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi ya Zanzibar yaliiondoa serikali ya Shamte, na mtu aliyeahidiwa kwa niaba yetu akawa mfungwa. Hii ndiyo hatua ya juu kabisa katika fani, na sitaki kukudanganya kwamba unaweza kuipanga: ahadi ibaki, wa kuidai asiwepo. Ndiyo maana karatasi za 1895 na 1963 hurudi kila baada ya miaka kadhaa, zimenakiliwa mpaka maandishi yamefifia. Vijana wa “Pwani si Kenya” walizibeba, serikali ikalipiga marufuku kundi lao, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mkataba wenyewe haukuguswa.

Jambo la mwisho ni la adabu, yaani namna ya kumpokea mwenye nyumba akija kukutembelea. Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia Unguja siku ya mapinduzi, akapanda meli yake, Seyyid Khalifa, pamoja na jamaa zake, na nahodha akaelekeza omo Mombasa, mji ambao tangu 1895 jadi yake walikuwa wakiupokelea kodi. Serikali ya Kenya haikumruhusu kushuka, ikabidi aende Dar es Salaam na kutoka huko Uingereza. Enzi yake juu ya pwani ilikuwa imekoma kwa mkataba tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru wa Kenya. Alikuwa amechelewa kwa mwezi mmoja.